Siku Bamama Bakwe Balitoka mu Mustari

Megafoni iko mu kabati ya chini, upande wa kushoto, nyuma ya bendera ya zamani. Pile zake, betri zile, musitupe. Zikichoka, muziweke juu ya mabati wakati wa jua kali, zitaamuka kidogo, kutosha tangazo moja fupi. Bandugu ba bureau, mulinilomba niandike mambo ya kazi yangu mbele nisahau, na naanza na megafoni juu njo kitu moja ya maana nilibaachia. Mambo ya cheo sitaandika. Mambo ya mushahara pia sitaandika. Wakati wa vita mushahara ilikuwa hadithi tulikuwa tunaambiana mu bureau, na kila mutu alijua vile inamalizika.

Mimi naitwa Kasereka. Kwetu Kasereka ni mutoto mwanaume wa tatu, donc mu quartier yetu ukiita Kasereka barabara nzima inageuka. Bureau ya commune ilinipokea mbele kidogo ya vita ya kwanza. Siku ile nilivaa koti ya baba yangu, nikafikiri nitapewa meza. Nilipewa megafoni.

Shefu wa bureau alikuwa Papa Bolamba, mutu wa jimbo ya Équateur, kule mbali kwa joto. Serikali ilimutuma kwetu Butembo kwa muda mufupi. Vita ikakata njia, na muda mufupi ikakuwa miaka. Alikuwa murefu, mukristo wa kweli, Kiswahili yake imejaa Lingala, na baridi yetu hakuizoea. Alikuwa anavaa pulovere hata saa sita ya mchana, na jua imewaka.

"Leki, ndugu mudogo," aliniambia, "tangazo ni mambo mawili: kitu gani, na saa gani. Ukiongeza ya tatu, batu banashika ile ya tatu tu."

Nilifikiri ni mambo ya bazee. Wiki ile ile alinituma kutangaza salongo, kazi ya raia bote, ya kusafisha mifereji, siku ya posho, njo Jumamosi, saa mbili. Mimi nikaona tangazo ni kavu, nikaongeza: "Bote munakaribishwa." Siku ya posho batu bakakuja na nguo za misa, bengine na sahani. Hakuna aliyeleta jembe. Papa Bolamba hakunigombeza. Alinipa jembe yake, akarudi mu bureau. Tangu siku ile nilitangaza mambo mawili tu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa uchaguzi wa baraza ya commune. Munajua vile ilikuwa: vita ilileta basoda, na kila kundi iliyoingia mu muji ilitukuta hatuna demokrasia, ikatuletea yake. Baraza iliyokuwako inafutwa asubui, juu ilichaguliwa wakati wa adui. Kisha Afande mupya anaita Papa Bolamba, anamuambia: "Raia bachague." Papa Bolamba ananiita mimi. Mimi napanda ku mabati kuweka pile.

Uchaguzi wa kwanza ilikuwa ya mikono. Tuliita batu ku kiwanja ya masomo, candidats, bale bagombea, bakasimama kando ya meza, Papa Bolamba akasoma majina. Jina ya kwanza, mikono yote ikapanda. Jina ya pili, mikono yote ikapanda. Nani angeacha mukono chini na basoda banamuangalia? Wakati ule Papa Kakule, muzee wa kutulia sana, alikuwa anatafuta mbuzi yake. Akapita karibu na meza kuuliza kama tumeiona. Batu bakaona mutu amesimama pale, bakainua mikono.

"Nani ameshinda?" Afande akauliza mwisho.

"Bote, Afande," Papa Bolamba akajibu.

"Na mimi?" Papa Kakule akauliza.

"Wewe ni conseiller, mutu wa baraza."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hatujaiona."

Mbuzi ilirudi yenyewe mangaribi. Papa Kakule alitumikia baraza muzuri sana. Mu mikutano hakuwa anasema kitu, na mu baraza ile, kunyamaza ilikuwa nusu ya kazi.

Sasa uchaguzi wa pili. Huu njo ule muliniuliza kila mara mu bureau, na kila mara mulianza kucheka mbele nimalize. Leo muiache imalizike.

Ilikuwa vita ya pili. Basoda balikuwa bengine, Afande alikuwa mwengine, na baliweka bariere ku daraja, mu njia ya mashamba ya upande wa Vuhovi. Bariere ilikuwa muti moja umelala juu ya mapipa, na basoda banakaa pembeni banachoma mahindi. Afande alisema adui anajificha mule mashambani, donc mutu yeyote hapana kupita. Mais maharagi ya bamama ilikuwa kule. Ilishakauka, ilikuwa inangoja tu mikono, na mvua ilikuwa karibu. Munajua maharagi ikipigwa na mvua mu shamba: inaota ndani ya maganda, na hapo hakuna tena ya kula wala ya kupanda.

Mama mukwe wangu alikuwa na shamba yake kule. Jina yake sitaandika. Amepumzika, Mungu amulaze vizuri, mais mutu hataji jina ya mama mukwe, na mimi siwezi kuanza uzeeni. Nyumba yake na nyumba yangu zote zilikula ku shamba ile. Siku zile bibi yangu Kahindo alikuwa anapika sombe tu, majani ya muhogo, asubui sombe, mangaribi sombe, na batoto banaangalia sahani, kisha bananiangalia mimi, baba mutumishi wa serikali.

Bamama balienda bote pamoja kwa Afande kulomba njia. Akakataa kubasikia. "Mimi sisemi na kundi," alisema. "Munichagulie président wa baraza, mutu mumoja. Yeye njo nitasikia juu ya bariere." Na hapana tena kwa mikono. Habari ya mikono ilimufikia, na aliona batu ba Butembo banacheza na serikali. Alitaka mistari: candidat anasimama, anayemupenda anasimama nyuma yake.

Candidats balikuwa babili. Mama Kavira alikuwa mujane, mutu wa kutoka Kipese kule juu, na shamba yake pia ilikuwa ng'ambo ya daraja. Neno alilokuwa nalo alikusemea mu uso, ukiwa padiri ao soda. Wa pili alikuwa Kambale wa depot. Naandika "wa depot" juu bakina Kambale ni bengi. Huyu alikuwa na depot ya maharagi mu soko, na tangu bariere iwekwe, depot yake njo ilibaki na maharagi peke yake mu quartier. Kambale hakuwa mutu mubaya. Alisali, alisaidia parokia, alicheka na kila mutu. Tu hakuwa na haraka bariere itoke.

Donc kila mutu alijua mambo iko vile. Mama Kavira akishinda, kuna mutu ataomba njia. Kambale akishinda, mvua njo itavuna maharagi.

Papa Bolamba alipanga kazi ile vizuri, na mujifunze hapa. Candidats basimame mbele ya miti ya kalitusi, uso ku miti, mugongo ku raia, basione nani anabafuata na nani anabaacha. Mimi nilichora mistari na chokaa tangu visigino vyao mupaka mwisho wa kiwanja. Kuhesabu, mutu mumoja wa huku na mutu mumoja wa kule banatoka pamoja, babili babili. Mustari moja ikikwisha na ingine iko na batu bado, hii ingine imeshinda. Hakuna karatasi, hakuna kuiba. Ilikuwa kazi safi, hata leo nasema. Tulifikiria jua, tulifikiria mvua, tulifikiria balevi. Bakwe hakuna aliyebafikiria.

Kwa yule mwenye hakukulia kwetu, naeleza. Mwanaume hakaribii mama ya bibi yake. Hakai naye mu chumba moja, hamuangalii mu uso. Bakikutana mu njia, mumoja anatoka pembeni, mama anajifunika kitambaa, mukwe anaangalia milima. Sasa kusimama nyuma yake mu mustari, kifua yako ku mugongo yake, na balevi banakusukuma? Afazali urudi nyumbani uwe mugonjwa.

Na bamama njo balikimbia kwanza. Niliposema tu "Anza," bakaingia nyuma ya Mama Kavira na haraka yote, mustari ikafika mwisho wa chokaa, na mimi nikafurahi mu moyo. Kisha banaume bakakuja. Bakaangalia ile mustari, bakasimama.

"Ingia basi," mumoja akaambia mwenzake.

"Niingie wapi? Mama ya bibi yangu huyu hapa."

"Ingia nyuma kabisa."

"Nyuma ni mama mukwe wako wewe."

"Ah! Kweli."

Quartier yetu tumeoana sana, huwezi kutupa jiwe bila kupiga shemeji. Mustari yote ya Mama Kavira ilikuwa bamama bakwe ba mutu. Nyuma ya Kambale kulikuwa bafanyakazi bake, bandugu bake, na bale balikunywa kasiksi yake, pombe ya ndizi, jana. Mama mukwe hata mumoja hakuwako. Basi banaume bakaingia kule, mumoja mumoja, kichwa chini. Banaume bale bale benye kulala njaa juu ya bariere! Kambale, uso ku miti, alikuwa anasikia miguu inajaa nyuma yake, na mabega yake ikaanza kupanda.

Papa Bolamba akanivuta pembeni.

"Kasereka, hawa hapana bale balikuja mu bureau kulia juu ya daraja?"

"Njo bao, Shefu."

"Na sasa bako na Kambale?"

"Ni bakwe, Shefu. Bamama bakwe bako ile upande."

Akaangalia mustari moja, akaangalia ingine. Akavuta pulovere yake chini.

"Bokilo, haya ya bakwe," alisema. "Kwetu pia iko. Mais kwetu hakuna mutu alitupanga mustari."

Akaenda kwa Afande, ambaye alikuwa anakaa ku banc ya masomo na anakula karanga. Akamulomba bamama bahesabiwe kwanza, baende, kisha banaume bapange. Afande hakuinua hata kichwa. "Mustari ni mara moja. Mwenye iko ndani anahesabiwa, mwenye iko inje hahesabiwi. Hapana kubadilisha sheria." Papa Bolamba akarudi, akaniambia nitangaze kwamba wakati inakwisha. Nikatangaza. Sauti yangu mwenyewe ilinichoma masikio.

Na mimi? Batu ba bureau tulikuwa na haki ya kuchagua, mwisho, mbele ya kufunga. Mama mukwe wangu alikuwa katikati kabisa ya mustari ya Mama Kavira. Nilikuwa natembea na megafoni mupaka karibu na fasi yake, kisha nageuka. Niliona batoto bangu na ile sahani ya sombe, na bado nilijua sitaingia. Nilikuwa na hasira, na sikujua ninakasirikia nani.

Yeye njo alielewa kwanza. Alizaa mabinti tu, bote balioleka mu quartier, na bwana zao, isipokuwa mimi, balikuwa kule nyuma ya Kambale, banaangalia viatu. Akatupa jicho ku mustari ile, haraka, bila kugusa uso ya mutu. Akatosha kitambaa ku mabega, akajifunika kichwa, akatoka mu mustari. Akaenda pembeni ku majani, akakaa chini, miguu imenyooka, mugongo ku kiwanja yote.

Hatukuelewa. Kisha mukwe wake mukubwa, bwana ya dada mukubwa ya Kahindo, akatoka nyuma ya Kambale, akakata kiwanja na macho ku milima, akaingia kwa Mama Kavira. Kisha akafuata mwengine. Kisha mwengine tena. Mama mumoja alitoka, na banaume bengi bakaingia.

Hapo bamama bote bakafunguka akili, na mustari ikaanza kunong'ona. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Wewe uko na bakwe ngapi kule?"

"Bane."

"Toka!"

"Na wewe?"

"Binti mumoja, na bwana yake iko Kampala."

"Baki."

"Mimi niko na babili, mais mumoja alifukuza mutoto wangu."

"Basi yule hapana mukwe tena. Aingie tu, haya gani?"

"Haya iko! Alikula mbuzi zetu za mahari."

"Ni yeye njo alizitoa, mama!"

"Alizitoa, kisha alikuja kuzikula ku sikukuu!"

"Eh! Toka basi, toka, tunachelewa."

Bakatoka. Bale ba mabinti bengi balitoka kwanza, bale ba bavulana tu bakabaki. Majani yakajaa bamama benye kufunika vichwa, bamekaa bamegeuka, na banaume banavuka kiwanja upande ule ingine, kila mutu anaangalia milima. Siku ile milima ya Butembo iliangaliwa sana.

Afande akasimama, karanga zikamwagika.

"Shefu! Bale bamama chini pale banafanya nini? Banagoma?"

Papa Bolamba akabaangalia kwanza, taratibu.

"Banachagua, Afande."

"Bako inje ya mustari!"

"Ndiyo, Afande. Njo vile banachagua."

"Mwenye iko inje hahesabiwi. Nilisema."

"Banajua," Papa Bolamba alisema.

Mimi niliingia wa mwisho. Niliweka megafoni chini, nikapita mbali na fasi alikuwa amekaa, uso yangu ku milima. Nilisimama nyuma ya Mama Kavira mu nafasi ambayo mama mukwe wangu alinipa, na sikuweza kumwambia aksanti, juu hata aksanti mutu hasemi moja kwa moja.

Tulihesabu babili babili. Mustari ya Kambale ikakwisha, na nyuma ya Mama Kavira tulikuwa bado bengi. Kambale akageuka na kicheko tayari mu uso. Nyuma yake kulikuwa chokaa.

"Mais nilisikia miguu!" alisema.

"Ilipita," Papa Bolamba akamujibu.

Mama Kavira naye akageuka. Akaona banaume, banaume tu na bamama kidogo. "Bamama benzangu bako wapi?" akauliza. Mutu akamuonyesha majani. Mama yule hatukumuona kulia hata siku ya kuzika bwana yake. Pale alilia mbele ya basoda, wazi, bila kujifuta.

Kesho yake alienda kwa Afande. Papa Kakule alimusindikiza, juu yeye alikuwa anajua kunyamaza.

"Afande, basoda bako banakula nini?"

"Maharagi."

"Inatoka wapi?"

Afande akageuza kichwa upande wa soko.

"Ya depot itakwisha," Mama Kavira alisema. "Ya kwetu iko ng'ambo ya daraja yako, na mvua ile inakuja."

Bariere ikafunguliwa asubui mupaka saa tisa. Bamama balivuna mbio, na mvua ilianguka wakati maharagi mingi ilikuwa imeshaingia mu nyumba. Hapana yote. Nyani zilikula sehemu yake, basoda balikula sehemu yao. Mama mukwe wangu alileta kikapo mupaka inje ya ukuta wetu, akamwita Kahindo. Mimi nilikuwa ndani. "Ambia bwana yako akule," nilimusikia anasema, "mais asifikiri ni ya bure." Nikamwambia Kahindo amujibu wasingya, aksanti ya kwetu. Siku ile batoto bangu balikula, kisha balilala ku mukeka na sahani mu mikono, na mimi niliangalia tu.

Mais kitu moja ilinibaki mu roho. Ku rapport, Papa Bolamba aliandika nani alishinda. Bale bamama ba ku majani hakuna fasi ya kubaandika. Kwa serikali, habakuchagua mutu. Nilimuuliza tufanye nini. Alisema tufunge rapport, tulete kwa Afande, tuende kunywa chai.

Kisha ile, tulikuwa bataalamu. Batu ba muji ya Beni balituita tubasaidie na mistari yao, na tulipanda camion na ujuzi mingi mu kichwa. Tuliamua bamama basimame asubui, kila mumoja aache jiwe mu fasi yake, arudi nyumbani, na banaume basimame kisha ya saa sita katikati ya mawe. Ku karatasi ilikuwa muzuri. Banaume balifika, bakaanza kuuliza kama jiwe ya mama mukwe ni mama mukwe. Mumoja alisema jiwe ni jiwe. Mumoja alisema, basi ukalie. Hakukalia. Bakabishana mupaka katekista akaitwa, naye akalomba muda ya kufikiri. Wakati anafikiri, camion ya basoda ikakuja na mbio kutoka upande wa Kalunguta, ikapita juu ya mawe yote. Nilisimama na megafoni mu mukono, nikaangalia bachaguzi bametawanyika mu barabara. Papa Bolamba aliniambia mambo ile nisiiandike mu rapport.

Vita ilipotulia, na ndege ikaanza tena kuenda kwao, Papa Bolamba alirudi Équateur. Niliongozana naye mupaka ku uwanja. Alitosha pulovere yake, akanipa. "Kule sitaihitaji," alisema. Alinishika mukono muda murefu. Nilimupenda mutu yule kama baba, naandika wazi, na siku nyingi kisha hapo bado nilikuwa nafika asubui mapema, kama vile atakuja, ili nimufungulie mulango ya bureau.

Kisha ikafika uchaguzi ya karatasi, ile ya inchi yote, na sanduku na wino ya kidole. Balinipa kuongoza bureau moja ya kuchagua mu chumba ya masomo, ku kiwanja ile ile. Chokaa ilishapotea zamani. Mu kona kulikuwa kijumba ya carton, mutu anaingia peke yake, hakuna anayemuona.

Mama mukwe wangu alikuja na Kahindo anamushika mukono. Alikuwa amezeeka, mugongo imepinda. Alikuwa amejifunika kitambaa tangu mulangoni, juu alijua ni mimi niko ku meza. Karatasi mimi njo nilipaswa kubapa batu mu mukono. Yake niliiweka ku pembe ya meza, nikaangalia dirisha. Nikasikia imechukuliwa.

Mbele ya kuingia akauliza, sauti chini: "Kahindo, mule ndani niko na nani?"

"Peke yako, mama."

"Hakuna mutu nyuma yangu?"

"Hakuna."

Akaingia. Akakaa mule. Mustari ikaanza kunung'unika mulangoni, mumoja akasema muzee amelala mu kijumba. Nilikuwa na megafoni chini ya meza, nikaitosha, nikaweka ku mulomo, hata kama chumba ilikuwa ndogo.

"Munyamaze," nikatangaza. "Mama anachagua."

Alipotoka, karatasi ilikuwa imekunjwa ndogo sana. Aliiingiza mu sanduku mwenyewe, akaisukuma na kidole mara ya pili, kuhakikisha imeanguka. Kisha akasimama, mugongo kwangu, uso ku Kahindo.

"Ambia bwana yako," alisema, "leo sikutoka mu mustari juu ya mutu."

Kahindo akageuka kunitazama, macho yake yamejaa. Nilikuwa karibu, kila neno nilishalisikia, na jibu yangu ilikuwa tayari. Mais nilingoja. Kahindo aniambie kwanza, njo nijibu.